Programu gani inalifaa duka lako la vifaa vya ujenzi? Mwongozo wa hatua kwa hatua

Mwenye duka la saruji, nondo, bati na rangi akiniuliza anunue programu gani, mimi humwomba kwanza anionyeshe daftari. Jibu karibu lote limo humo. Duka linaloumizwa na madeni ya mafundi na duka ambalo mzigo wake unapotea stoo yana shida mbili tofauti, lakini yote mawili yanaweza kuuziwa programu ile ile ya bei kubwa, na miezi sita baadaye kompyuta ikawa ya kuchezea muziki huku daftari likirudi kaunta.

Mwongozo huu ni wa duka la kawaida: mwenye duka, muuzaji mmoja au wawili, stoo nyuma, na pengine kirikuu cha kupeleka mizigo saiti. Nimewalenga zaidi wafanyabiashara wa Tanzania, na Kenya nitaigusa pale sheria inapotofautiana. Nimechagua hadwea makusudi, kwa sababu bidhaa zake zinauzwa kwa kilo, kwa mita, kwa lita, kwa kipande na kwa mfuko ndani ya duka moja. Programu ikiliweza duka la namna hii, duka la vipodozi au la vifaa vya shule haliwezi kuisumbua.

Hatua ya 1: Jua hela inavujia wapi

Usipakue chochote bado. Kwa wiki mbili, kila jioni kabla ya kufunga, andika mambo haya kwenye ukurasa mmoja: mauzo ya fedha taslimu, mauzo yaliyoingia kwa simu, mauzo ya mkopo, madeni ya zamani yaliyolipwa leo, na kila shilingi iliyotoka kwenye droo, iwe ya chakula, ya bodaboda, ya vocha au ya mtoto aliyepita kuchukua nauli. Kisha hesabu hela iliyomo droo na uilinganishe na iliyotakiwa kuwemo.

Sambamba na hilo, chagua bidhaa kumi zinazotoka sana. Zihesabu Jumatatu asubuhi kabla ya mteja wa kwanza, zihesabu tena Jumamosi jioni. Mzigo wa mwanzo, ongeza ulioingia, toa uliouzwa: kinachobaki kwenye karatasi kilingane na kilichobaki stoo.

Baada ya wiki mbili shida itajionyesha yenyewe. Droo haitimii jioni? Basi tatizo liko kaunta, kwenye kupokea hela na kuandika mauzo. Droo inatimia lakini mzigo hautimii? Tatizo ni stoo, au kuna mauzo yanayofanyika bila kuandikwa. Vyote vinatimia, na bado siku ya kwenda kununua mzigo mpya huna hela? Hapo angalia mambo matatu: madeni yaliyoko nje, matumizi ya nyumbani yanayotoka droo, na bei. Hili la bei huwaponyoka wengi. Bei ya jumla ya saruji ikipanda na wewe ukaendelea kuuza kwa bei ya mwezi uliopita, duka litakuwa na wateja wengi na pilikapilika nyingi huku mtaji ukipungua kila wiki.

Sasa andika sentensi moja tu ya unachotaka. Kwa mfano: "Nataka kila jioni nijue ninamdai nani, kiasi gani, tangu lini." Au: "Nataka kujua mifuko mingapi ya saruji ipo stoo bila kwenda stoo." Bandika sentensi hiyo ukutani. Kila atakayekuja kukuuzia programu, muulize juu ya hiyo kabla hajakufungulia picha zake za grafu.

Hatua ya 2: Kamua ulichonacho tayari

Maduka mengi yana simu janja mbili au tatu ambazo hazijafanya hata nusu ya kazi zinazoweza kufanya. Anza hapo, kwa sababu hakuna gharama mpya na watu wako wanazifahamu.

Sajili WhatsApp Business kwa namba ya duka, tofauti na namba yako binafsi. Programu hii ipo tangu 2018 na ni ya bure. Wengi huishia kuweka jina la duka na picha ya mlango, basi. Faida yake kubwa iko kwenye lebo: mteja aliyetuma orodha ya vifaa unamwekea lebo "anasubiri bei", aliyelipa unamwekea "mzigo haujaondoka", na ukiamka asubuhi unafungua lebo moja na kuona wote wanaokusubiri. Akaunti moja inaweza kuunganishwa na vifaa vingine hadi vinne, kwa hiyo muuzaji anajibu akiwa kaunta bila kushika simu yako. Orodha ya bidhaa yenye picha inafaa pia, ila bei ya nondo na saruji usiiweke humo. Zinabadilika, na mteja atakuja na picha ya bei ya miezi miwili iliyopita akidai uiheshimu. Weka bei za vitasa, brashi, koki na taa.

Lipa namba iwe ya biashara. Hela ya duka ikiingia kwenye laini yako binafsi pamoja na michango ya harusi na hela ya ada, hakuna programu duniani itakayoweza kukuambia umepata faida kiasi gani. Kabla ya kuchagua mtandao, uliza makato ya kuhamishia benki na ya kutoa kwa wakala, kwa sababu ndiyo utakayoyalipa kila wiki. Tena omba taarifa ya miamala kila mwisho wa mwezi na uitunze. Siku utakayokwenda kuomba mkopo, karatasi hiyo itakusemea.

Na kwenye hili la malipo ya simu weka kanuni moja isiyovunjwa na mtu yeyote: mzigo hautoki kwa ujumbe ulioonyeshwa kwenye simu ya mteja. Ujumbe wa kughushi unatengenezwa kwa dakika moja, wenye jina la duka lako na kumbukumbu namba inayofanana na ya kweli. Muuzaji aangalie simu ya duka, na kukiwa na wasiwasi aangalie salio au orodha ya miamala, si ujumbe tu, maana hata kwenye simu ya duka ujumbe unaweza kutumwa na namba ya mtu wa kawaida ukiwa umeandikwa kama wa kampuni. Mteja mwaminifu hatakasirika kusubiri dakika mbili.

Kwa madeni, jedwali la Google Sheets au Excel linatosha kwa muda mrefu kuliko watu wanavyodhani. Safu nane: tarehe, jina, simu, saiti, alichochukua, thamani, alicholipa, salio. Ongeza ya tisa, tarehe aliyoahidi kulipa, kisha panga jedwali kwa safu hiyo kila Ijumaa. Hapo unajua wa kumpigia kabla mafundi hawajalipwa Jumamosi. Google Sheets kwenye simu ya Android inafanya kazi hata bila mtandao, mradi umeliwekea faili alama ya kupatikana nje ya mtandao mapema.

Kuna maduka ambayo hatua hii ndiyo mwisho wa safari yao kwa mwaka mzima, na ni sawa kabisa. Endelea mbele kama bidhaa zimekuwa nyingi kiasi kwamba hakuna mtu anayezijua zote kwa kichwa, kama mnauza watu zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja, au kama kuna siku nzima unakuwa mbali na duka na huwezi kujua kilichotokea mpaka urudi.

Hatua ya 3: Ipe programu mtihani wa vipimo

Hapa ndipo programu nyingi za mauzo zinaanguka, na ni heri zianguke wakati bado ziko kwenye majaribio ya bure. Programu nyingi zimetengenezwa kwa kufikiria mgahawa au duka la nguo, ambako kitu kimoja ni kitu kimoja. Chukua simu au kishikwambi, ingiza bidhaa chache za kweli kutoka dukani kwako, kisha fanya mauzo haya bila msaada wa muuza programu.

Uza robo kilo ya misumari ya nchi tatu. Misumari unainunua kwa boksi, unaiuza kwa kilo, na fundi anataka robo. Programu inakubali 0.25, au inakulazimisha namba nzima? Baada ya kuuza, angalia stoo: imepungua robo kilo, au imepungua boksi?

Uza mita saba za waya kutoka kwenye roli. Halafu uza roli nzima ya waya ule ule kwa bei ya jumla. Lazima mauzo yote mawili yatoke kwenye mzigo mmoja. Programu ikikulazimisha kufungua "waya wa mita" na "waya wa roli" kama bidhaa mbili zisizojuana, kila ukikata roli mpya utalazimika kuhamisha mwenyewe kwa mkono, na siku mkiwa na foleni hakuna atakayehamisha. Jaribu hivyo hivyo kwa rangi, ndoo ya lita 20 na kopo la lita 4.

Pokea saruji ya bei mbili. Tuseme una mifuko 100 uliyoinunua kwa shilingi 15,000, na leo imeingia mingine 100 kwa 16,000. Unauza mfuko kwa 17,000. Programu inayotumia wastani itahesabu kila mfuko umekugharimu 15,500, faida 1,500. Inayotoa mzigo wa kwanza kuingia itakuonyesha faida ya 2,000 kwa mifuko 100 ya mwanzo, kisha 1,000 kwa inayofuata. Njia zote mbili ni halali na mwisho wa mifuko 200 faida ni ile ile, 300,000. Ya kuikimbia ni programu inayofuta bei ya zamani na kuandika mpya kila mahali, kiasi kwamba faida ya mwezi uliopita nayo inabadilika. Ifungue ripoti ya jana kabla ya kupokea mzigo, ipige picha, pokea mzigo, ifungue tena. Namba ikiwa imebadilika, achana nayo.

Uza kwa mkopo. Fundi anachukua vitu vya 480,000, analipa 200,000 leo, Ijumaa analeta 150,000 kwa simu. Unaweza kuona salio la 130,000 kwa jina lake bila kutafuta risiti tatu? Na malipo yale ya Ijumaa yanahesabiwa kama deni lililolipwa, au programu inayaandika kama mauzo mapya na kukupa faida ya uongo?

Rudisha bidhaa. Mteja alichukua mabomba kumi ya nchi mbili, anarudisha matatu. Mabomba yarudi stoo, hela itoke, na pabaki alama inayoonyesha nani aliyerudisha, saa ngapi, kwa risiti ipi. Kama muuzaji anaweza kufuta mauzo yakapotea kabisa bila alama yoyote, programu hiyo inakuandalia hasara ambayo hutaiona kamwe.

La mwisho ndilo gumu kuliko yote, na kwenye biashara hii lipo kila siku: mteja analipia mifuko 200 ya saruji leo ili bei isimpande, kisha anaichukua kidogo kidogo kwa mwezi mzima. Hela yake imeingia, mifuko bado ipo stoo lakini si yako. Programu nyingi ndogo hazina sehemu ya jambo hili. Ukiuza yote leo, stoo itasoma pungufu na mtashindwa kulinganisha hesabu, na usipouza, hela itakuwa nyingi kuliko mauzo. Uliza waziwazi inafanyaje. Kama haina, njia inayofanya kazi ni kuandika mauzo siku ile ile, kisha mifuko ambayo hajaichukua iandikwe kwenye stoo ya pili ndani ya programu, iitwe "mali za wateja", na kila anapochukua ipungue hapo. Ikiwa programu haina stoo ya pili, weka daftari maalumu la mizigo iliyolipiwa na mteja asaini kila anapochukua. Usione aibu kubakiza daftari kwa kazi moja ambayo programu haiiwezi.

Mtihani huu wote afanye muuzaji wako, wewe ukiwa umekaa pembeni kimya. Yeye ndiye atakayekuwa kaunta saa nne asubuhi wakati mafundi watano wanamsemesha kwa pamoja, mmoja akisema "dada, mimi niandikie tu, bosi ananijua." Kama amekwama akiwa ametulia, kwenye foleni ataiacha.

Hatua ya 4: Zima mtandao, kata umeme

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na intaneti ikazorota vibaya Tanzania na nchi jirani. Maduka yaliyokuwa na programu inayofunguka kwa mtandao tu yalirudi kwenye karatasi siku hiyo. Hata bila nyaya kukatika, bando huisha.

Jaribio lake ni rahisi. Zima data na waifai, uza vitu vitano, funga programu kabisa, ifungue tena, uza vingine viwili. Washa data. Mauzo yote saba yanatakiwa yaonekane kwenye simu yako nyingine, na stoo ipungue mara moja, si mara mbili. Kama una wauzaji wawili wenye vifaa viwili, fanya jaribio hilo vyote viwili vikiwa nje ya mtandao na vikiuza bidhaa ile ile.

Kuhusu vifaa, kwa duka la namna hii naipendelea simu kubwa au kishikwambi kuliko kompyuta ya mezani. Kina betri yake, kinapokea laini, na kikiharibika kinabadilishwa siku hiyo hiyo. Ukiamua kompyuta ya mezani, panga na bei ya UPS (betri ya kuishikilia kompyuta umeme ukikatika) humo humo, maana umeme ukikatika katikati ya mauzo ndipo faili huharibika. Na kama unanunua kompyuta iliyotumika, fahamu kwamba Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Hakikisha mashine hiyo inaweza kubeba Windows 11.

Printa ya risiti huja kwa karatasi ya upana wa milimita 58 au 80. Hadwea ichukue ya 80, kwa kuwa majina ya bidhaa ni marefu na kwenye 58 "Bomba PVC nchi 4 daraja B" hukatika vipande vitatu. Karatasi zake hazitumii wino. Huandika kwa joto, na zikikaa juani au karibu na joto maandishi hufifia. Risiti yenye dhamana ya pampu au ya mashine ya kuchomelea mpigie mteja picha umtumie WhatsApp hapo hapo.

Skana ya msimbo pau iache kwanza. Nondo haina msimbo, mbao haina, misumari ya kupima haina. Utaihitaji siku vitu vyenye boksi vitakapokuwa vingi. Siku hiyo ijaribu kwa kufungua ukurasa mtupu wa kuandikia na kuskani kopo la rangi: skana za kawaida za USB huandika tarakimu kama kibodi, kwa hiyo tarakimu zikitokea kwenye ukurasa, skana ni nzima na tatizo lolote linalobaki ni la programu.

Hatua ya 5: Usichanganye risiti ya programu na risiti ya TRA

Karatasi inayotoka kwenye programu ya mauzo ni kumbukumbu yako na ya mteja. Risiti ya kodi Tanzania, inayotambuliwa na Mamlaka ya Mapato (TRA), ni ile ya mashine ya EFD, utaratibu uliopo tangu 2010, au ya mfumo wa VFD ambao hutoa risiti hiyo kwa simu au kompyuta bila mashine ya pembeni. Kama unatakiwa kutoa risiti za EFD, swali la kumwuliza muuza programu ni moja: programu yako imeunganishwa na VFD, au muuzaji wangu ataandika kila mauzo mara mbili? Kuandika mara mbili kunawezekana duka likiwa na wateja kumi kwa siku. Wakiwa sitini, upande mmoja utaachwa, na utakaoachwa ni ule ambao hauna faini.

Ukionyeshwa risiti ya mfano, skani msimbo wake na uone kama inafunguka kwenye ukurasa wa TRA wa kuhakiki risiti. Usiishie kwenye nembo. Na kiwango cha kujisajili VAT (kodi ya ongezeko la thamani) kilipandishwa mwaka 2023 kutoka mauzo ya milioni 100 kwa mwaka hadi milioni 200, kwa hiyo kabla ya kulipia programu kwa sababu ya VAT, pita ofisi ya TRA ya wilaya yako uulize duka lako liko kundi gani.

Kenya jambo hili linaitwa eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya kodi, KRA. Kuanzia 1 Januari 2024 matumizi ya biashara yanatakiwa yawe na ankara ya eTIMS ili yakubalike kwenye hesabu za kodi, kwa hiyo hata kontrakta atakayenunua kwako ataidai. Kuna eTIMS Lite kwa wadogo. Si lazima ununue mfumo mkubwa.

Hatua ya 6: Piga hesabu ya miaka mitatu

Bei ya kwanza unayotajiwa haikuonyeshi mengi. Tuseme programu moja ni shilingi 30,000 kwa mwezi, nyingine inauzwa mara moja kwa 900,000. Ya pili inaonekana nafuu mpaka uulize matengenezo. Kama ni 200,000 kwa mwaka, miaka mitatu ni 1,500,000, dhidi ya 1,080,000 ya ile ya kulipa kila mwezi. Uliza pia: ukiongeza muuzaji unalipa zaidi? Ukifungua tawi? Mafunzo yamo ndani? Bei ni ya shilingi au ya dola? Ya dola itapanda bila mtu kukuarifu.

Kwa wanaotaka majina ya kuanzia: Loyverse ni ya bure kwa mauzo ya kawaida kwenye simu, unalipia ukitaka usimamizi wa wafanyakazi na wa stoo kwa undani. Odoo huruhusu kutumia moduli moja (yaani sehemu moja ya programu, kama mauzo au stoo) bure mtandaoni. Ukiongeza ya pili malipo yanaanza. ERPNext ni programu huria, huilipii leseni, ina stoo nyingi na vipimo vingi, lakini inahitaji mtu wa kuisimamia, na mshahara wa mtu huyo ndiyo bei yake. Zote tatu zipitishe kwenye mtihani wa hatua ya tatu kama nyingine yoyote.

Vijana wa hapa nyumbani wanaotengeneza mifumo yao wenyewe nawaunga mkono kwa moyo wote. Wanaelewa mkopo wa fundi kuliko kampuni yoyote ya ng'ambo, na wanapokea simu kwa Kiswahili. Ila nenda kwanza kwenye maduka mawili au matatu yanayotumia mfumo huo sasa hivi, uongee na wauzaji wenyewe bila mtengenezaji kuwepo, uulize mara ya mwisho ilipokwama ilichukua muda gani kurekebishwa. Duka lako lisiwe la kwanza la kujifunzia, labda kama bei inaonyesha hivyo na mmekubaliana kwa maandishi.

Hatua ya 7: Hakikisha taarifa zako zinatoka

Kabla ya kulipa senti, tafuta sehemu ya kupakua bidhaa, wateja, madeni na mauzo kwenda Excel au CSV (faili la jedwali linalofunguka kwenye programu nyingi). Pakua. Fungua faili. Je, salio la kila fundi limo, au ni majina matupu? Usikubali jibu la "ukihitaji tutakutolea". Siku utakayohitaji ndiyo siku mliyokosana.

Akaunti ifunguliwe kwa barua pepe yako na namba yako, si ya fundi wa kompyuta aliyekuja kufunga. Washa uthibitisho wa hatua mbili. Kila mwisho wa mwezi pakua faili zote uzihifadhi sehemu nyingine, flashi au barua pepe yako.

Kumbuka pia kwamba majina, simu na madeni ya watu ni taarifa zao. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, na Kenya ina yake ya 2019. Ile tabia ya kupiga picha ukurasa wa wadaiwa na kuurusha kwenye kundi la WhatsApp la mtaa iachwe. Inamdhalilisha mtu na inaweza kukufikisha pabaya wewe mwenye haki ya kudai.

Hatua ya 8: Hamia polepole, kwa tarehe inayojulikana

Chagua Jumapili moja ya katikati ya mwezi. Hesabuni mzigo wa bidhaa hamsini zinazotoka zaidi, mziingize, Jumatatu muanze nazo. Nyingine ziingie kumi kumi kila siku jioni. Mkubaliane majina mapema na yaandikwe kwa mpangilio mmoja, aina kwanza, kipimo baadaye: "Nondo 12 mm", "Bati G30 mita 3 bluu". Mmoja akiandika "Bati bluu kubwa" na mwingine "Bati G30", mna bidhaa mbili na stoo mbili za uongo.

Daftari liendelee sambamba kwa mwezi mmoja, na kila jioni mlinganishe jumla. Zikitofautiana, tafuteni sababu usiku huo huo. Ukisubiri Jumamosi hakuna atakayekumbuka.

Kila muuzaji awe na PIN yake. Mwambie wazi kwa nini: mzigo ukipungua, kumbukumbu zitaonyesha aliyeuza, na asiyehusika hatatajwa. Wauzaji wengi wazuri wamewahi kukatwa mshahara kwa hasara isiyo yao, na wakielewa hivyo wataitetea programu kuliko wewe. Muuzaji awe na ruhusa ya kuuza na kupokea malipo. Kubadilisha bei, kufuta na kutoa punguzo kubwa viombwe kwako. Kuhesabu bidhaa kumi kila Jumamosi kuendelee hata programu ikiwa nzuri namna gani, ukibadilisha kumi zile kila wiki.

Mfanyakazi akiondoka, hata mkiwa mmeagana vizuri, siku hiyo hiyo funga PIN yake, toa simu yake kwenye vifaa vilivyounganishwa na WhatsApp ya duka, na ubadilishe namba ya siri ya lipa namba kabla ya kufungua kesho yake asubuhi.